Nilidai matunzo barazani nikiwa sina ruhusa ya kufungua mdomo

Wakuu, salaam kwenu mlioko kwenye ndoa, mliotoka, na mnaochungulia mlangoni.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi, kwenye mwili huu huu unaouma magoti. Sikukisoma mahali. Mkiona nimeruka jambo, laumuni uzee wangu, msiulaumu ukweli.

Nimechokozwa na ule uzi wa kijana wa Tunduma anayelia kwamba hakimu amemwamuru amtunze ex wake, na juu yake amlipe na lawyer wa huyo huyo ex. Comments zikamiminika: "hizi sheria za kuiga", "mababu zetu hawakuwa na ujinga huu", "mwanamke akiondoka aondoke na kanga yake."

Mababu zenu? Wakuu, hao mababu zenu mimi nilikuwa nawapikia.

Kaeni basi.

Mimi ni mwanamke, Mnamwanga wa Ndalambo. Nilizaliwa nzige wakiwa wamemaliza mashamba, ndivyo mama alivyokuwa akihesabu. Simu hii kaninunulia mjukuu, maandishi nimeyakuza mpaka neno moja linajaza kioo, kwa hiyo mnivumilie nikikosea.

Niliolewa Iyula, kwa Wanyiha. Mwingereza alikuwa bado yupo, picha ya malkia iko ukutani barazani. Mume wangu aliitwa Yotamu. Alikuwa mrefu, kasoma mpaka darasa la nne, na enzi hizo darasa la nne lilikuwa linatembea kifua mbele kuliko digrii zenu. Alikuwa akipeleka vitu Tunduma na kurudi na vitambaa.

Hatukufunga kanisani, ndoa ilikuwa ya kimila. Ndiyo maana kesi yetu ilikwenda kwenye baraza la mwene, yaani chifu wa eneo, haikwenda Boma kwa wazungu.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja, bila hilo hamtaelewa chochote.

Kwenye ukoo ule nilioolewa, mke hamwangalii baba mkwe usoni. Hasemi akiwepo. Hataji jina lake. Mkikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia porini. Mimi niliwahi kuingia kwenye upupu, na nilijikuna kuanzia hapo mpaka nyumbani. Mkwe wangu alipita zake akiangalia upande wa pili, maana hata yeye hakuruhusiwa kucheka.

Nilikuwa namjua kwa miguu tu. Alikuwa na kidole gumba cha kushoto kilichopinda, kiliwahi kuangukiwa na gogo. Nikiona kidole kile, nimeshatoweka.

Msinitukanie mila. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na haikuwa ya milele. Baba mkwe mwenyewe ndiye anayeiondoa. Anaitisha watu, anampa mkwe wake zawadi, kuku au jembe kulingana na uwezo wake, na tangu hapo wanasema mdomo umefunguliwa. Mnaanza kuongea kama baba na binti.

Ila mume ndiye anayepaswa kuomba siku ipangwe. Wenzangu wote walifunguliwa walipozaa mtoto wa kwanza. Mimi mwanangu alishaanza kuota meno, na kila nikimkumbusha Yotamu ananiambia, "Tutaona mwakani."

Nikadhani ni uvivu. Lahaula, wakuu! Yule mtu hakuwa mvivu hata kidogo. Mke aliyefunguliwa mdomo anaweza kwenda kumshtaki mume kwa baba yake. Mimi ningemshtaki kwa nani? Mama mkwe nilikuta ameshafariki. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye Yotamu alimwogopa, na huyo ndiye mtu pekee duniani ambaye mimi siwezi kumwambia neno.

Haya.

Siku moja Yotamu akarudi kutoka Tunduma na mwanamke. Sina ugomvi na yule mama, hata yeye alidanganywa. Aliambiwa nyumba haina mtu.

Nilikuwa nasonga ugali wa ulezi. Yotamu akaingia, hakunisalimia. Akakitoa chungu, akakiweka pembeni taratibu kama mtu mwenye adabu zake. Halafu akayatoa mafiga yote matatu, yakiwa bado ya moto, kwa kuyasukuma na jembe, akayatupa nje, yakabingirika mpaka kwenye mibuni ya baba yake bondeni.

Mwanamke akitolewa mafiga yake, hana haja ya kuuliza swali. Jiko lako halipo, na wewe hupo. Nilibaki nimeshika mwiko, nautazama ule ugali. Niliduwaa hata machozi hayakutoka.

Ghala langu lilikuwa limejaa. Ulezi niliolima mimi, nikavuna mimi, nikapandisha mimi. Yotamu akasimama mlangoni pa ghala na kusema hautoki hata wa kushika mkononi.

Nikambeba mwanangu mgongoni, nikarudi kwetu Ndalambo kwa miguu.

Nyumbani walinipokea vizuri, lakini chakula kilikuwa cha watu waliopo. Mvua zilikuwa zinaanza, mavuno bado mbali sana, na mimi nanyonyesha. Nilichokuwa nakitaka kwa Yotamu kilikuwa kitu kimoja tu, chakula changu na cha mtoto mpaka mavuno. Mapenzi sikuyataka tena, wala nyumba.

Kabla sijajua nianzie wapi, tarishi wa baraza akafika. Kumbe Yotamu kaniwahi!

Amenishtaki mimi! Kwamba nimetoroka. Kwamba mke mtoro hana matunzo. Kwamba baba yangu arudishe ng'ombe wa mahari. Na ng'ombe wale baba alishawatoa kumwolea kaka yangu, kwa hiyo nikishindwa, na ndoa ya kaka inaingia matatani.

Kesi yote ikawa swali moja. Nilitoroka au nilifukuzwa?

Nikasema moyoni, hii ni rahisi. Nitasimama, nitaeleza habari ya mafiga, nitarudi na ulezi wangu. Nilikuwa mjinga kwelikweli.

Nilisindikizwa na Mzee Sichone, mshenga wetu, yule aliyeileta posa na mahari kwetu. Kwa desturi yetu mshenga aliyeifunga ndoa ndiye anayesimama ikifunguka. Ndiye aliyekuwa lawyer wangu, kwa lugha yenu. Alikuwa na miguu iliyovimba, akatembea vile vile, tukilala kwa ndugu zake njiani.

Tukafika barazani. Watu wamejaa mpaka madirishani. Nikaingia nimeinamisha kichwa, nikakaa chini, nikainua macho kidogo tu kuangalia meza.

Chini ya meza nikaona viatu vya mwene. Pembeni yake, miguu ya mzee wa baraza. Kidole gumba cha kushoto kimepinda.

Wakuu! Mkwe wangu alikuwa mmoja wa wazee wa baraza! Nilijua ni mtu mwenye heshima pale kijijini. Kwamba anakaa kwenye hukumu sikujua, ningejuaje mtu nisiyezungumza naye?

Leo mngesema conflict of interest. Enzi zile mzee wa baraza alikuwa mzee wa baraza hata kesi ikiwa ya mwanawe, na alisifiwa kwa kumhukumu mwanawe kwa ukali. Wazee walikuwa wawili, yule mwingine siku hiyo alikuwa anaumwa.

Karani akasoma madai. Mzee Sichone akasimama kunisemea.

Yotamu akanyoosha mkono. "Mwene, huyu ni nani? Amri ya Boma inasema mawakili hawaruhusiwi kwenye baraza. Kila mtu aseme kwa kinywa chake."

Karani akafungua kitabu cha amri, akafunua, akasema ni kweli, mawakili hawaruhusiwi. Mzee Sichone akajitetea kwamba yeye si wakili, hana hata kiatu, yeye ni mshenga. Watu wakacheka. Karani hakucheka. Akamwambia akae.

Mzee wa watu akakaa.

Karani akanigeukia. "Mdaiwa. Ulitoroka au ulifukuzwa?"

Nikanyamaza.

Akarudia. Nikanyamaza. Nilikuwa nakitazama kile kidole gumba, na ulimi umelala mdomoni kama si wangu. Msiniambie "si ungesema tu bibi". Hamkulelewa vile. Mimi kusema mbele ya mkwe wangu ilikuwa sawa na wewe kuvua nguo mbele ya baba mkwe wako. Ungeweza? Hata kama ni kwa ajili ya kesi?

Ndipo nikamwangalia Yotamu, nikaona anatabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo mmoja. Zile "tutaona mwakani". Kuniwahi kushtaki kwenye baraza lile. Kumzuia mshenga. Alijua baba yake anakaa wapi, na alijua mimi nitafanya nini. Alinijengea zizi halafu akaniswaga mwenyewe mpaka ndani.

Karani, ambaye si mtu wa kwetu na hakuwa na ubaya wowote, akachovya kalamu na kusema kwa sauti huku anaandika, "Mdaiwa ameulizwa, amekaa kimya. Amekubali."

Amekubali! Mwanangu alikuwa amelala mgongoni na mimi nasikia nimekubali.

Baraza likaguna. Mwene akainua mkono. Yeye alijua mila, akaona kinachofanyika. Akasema labda kesi iahirishwe mpaka yule mzee mwingine apone, ili mkwe apishe na mwanamke aweze kusema.

Yotamu akasema yeye hana neno, isogezwe hata mwezi ujao. Angekuwa na neno gani, wakati ghala langu ndilo lililokuwa linamlisha? Na mimi mwezi huo nile nini?

Basi ile miguu ikasimama.

Nikasikia kiti kinasukumwa. Mkwe wangu akatoka nje bila kusema kitu. Watu wakanong'ona, wengine wakasema amekasirika, wengine wakasema amekwenda kujisaidia. Mwene hakuahirisha kesi. Nyumbani kwa mkwe wangu hapakuwa mbali. Tulikaa pale muda mrefu, mwanangu akaamka, akanyonya, akalala tena.

Akarudi.

Miguu ikaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Nikajisogeza nyuma kwa mazoea, mgongo ukagonga ukuta. Halafu chini, karibu kabisa na magoti yangu, kikawekwa kitu. Jembe. Jembe la zamani la wahunzi wa Kinyiha, mpini umelainika kwa mikono. Mpini umeelekezwa kwangu.

"Mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sikuitegemea. "Hili ni la mama yako, marehemu. Alikuwa analimia. Lichukue. Kuanzia leo mimi si mtu wa kukimbiwa. Sema yote, hata yatakayoniumiza."

Yotamu akasimama akasema, "Baba!" Baba yake hakumtazama.

Nikalishika jembe. Nikainua macho. Ndiyo mara ya kwanza namwona mkwe wangu usoni. Yalikuwa macho ya mwanangu yale yale, kwenye uso wa mzee.

Nikafungua mdomo, na wakuu, sauti iliyotoka ilikuwa kubwa mpaka mwene akaruka kwenye kiti! Nilikuwa sijui niiweke wapi. Nikaeleza ugali, chungu, mafiga ya moto, mibuni, ghala. Nilieleza mpaka vitu visivyoulizwa. Upupu nao niliutaja.

Nilipomaliza, mkwe wangu akauliza yeye, taratibu. "Mafiga yalikuwa matatu?"

"Matatu, baba."

"Moja lina ufa?"

"Lina ufa, baba."

Akawaambia watu kwamba aliyakuta kwenye mibuni yake asubuhi iliyofuata, alipokwenda kupalilia. Alidhani watoto wamecheza. Alitaka kuniuliza, akakumbuka haruhusiwi, na siku zilizofuata hakuniona tena. Yotamu akamwambia nimetoroka.

Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena mahakamani popote. Hakurudi kwenye kiti. Alikuja kukaa chini, upande wa watu, akamwambia mwene, "Nimekuwa shahidi. Amua wewe."

Mwene akaamua. Nimefukuzwa, sikutoroka. Ng'ombe wanabaki kwa baba yangu. Ulezi wa ghala ni wangu, na ulioliwa Yotamu aurudishe, na aongeze wa kunifikisha mavuno, kwa sababu mtoto ananyonya na anayenyonyesha anakula kwa wawili. Mtoto akikua, ukoo wa baba yake utakuja kumchukua. Hilo la mwisho liliniuma, ila ndiyo ilikuwa sheria.

Nikadhani tumemaliza. Mwene akasema bado. Nani anamlipa Mzee Sichone?

Yotamu akaruka. "Huyo hakusema hata neno! Mmemkataza ninyi wenyewe! Mtu aliyekatazwa kusema analipwaje?"

Mwene akamjibu, na jibu hili nimetembea nalo umri wangu wote. "Wewe ndiye uliyeomba azibwe mdomo. Utamlipa kwa kumziba. Angesema, ingekuwa kazi fupi na yeye angekuwa njiani kwake."

Mbuzi mmoja kwa Mzee Sichone. Na kwa kuwa mzee amelitoa jembe la marehemu mkewe ghafla, bila sherehe, kwa hila za Yotamu, Yotamu ampe baba yake mbuzi wa pili. Ada ya baraza pia ikawa yake.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekumbatia jembe.

Kijana wa Tunduma, umesikia? Yule mwene hakusoma law, lakini aliangalia nani aliyevunja nyumba, akaangalia nani atabaki na njaa, halafu akauliza nani aliyefanya kusema ukweli kuwe na gharama. Huyo ndiye aliyelipa. Hakimu wako naye sijui kama kafanya tofauti. Umeandika mwenyewe kwenye uzi wako kwamba ulihamisha vitu vyote kabla mkeo hajarudi safari. Angeomba lawyer wa nini, kama ungemwachia hata sufuria?

Sasa nimalizie, maana najua mtauliza kama Yotamu alitoa.

Ghala nilikabidhiwa. Ule wa kuongeza, aliutoa mara moja, halafu akavuka mpaka pale Tunduma akaenda zake kwenye migodi ya Rhodesia. Hukumu ya mwene haikuwa na miguu ya kuvuka kule. Mavuno yalikuwa bado, mvua inanyesha, na ulezi umebaki wa kukung'uta.

Siku moja niko nyuma ya nyumba kule Ndalambo, nasuka mkeka. Nikaona miguu inaingia uani, ina tope mpaka magotini. Kidole gumba cha kushoto kimepinda.

Nikatupa mkeka, nikakimbia ndani, nikajificha nyuma ya mlango!

Mama yangu akaanza kucheka. Nje nikasikia ile sauti nyembamba, imechoka na safari. "Nimetoa jembe la mke wangu mbele ya watu wote. Mbona bado unanikimbia?"

Nikatoka. Alikuwa amesimama na mzigo wa ulezi begani. Ametembea nao kutoka Iyula mpaka Ndalambo, mzee yule, kwa deni ambalo hakuhukumiwa. Nikamwambia, "Karibu, baba." Nikampokea mzigo. Nililia hapo, si barazani.

Alikuja tena kabla ya mavuno. Na wakati wa kumchukua mtoto ulipofika, hakumchukua. Alisema mtoto atakuja Iyula akitaka, kwa miguu yake.

Alipokufa niliitwa kama binti. Nilikwenda na lile jembe, nikalitumia kwenye kaburi, nikarudi nalo. Liko hapa chini ya kitanda ninapoandika.

Kwa mengine yote mdomo ulifunguka, ila jina lake haukuwahi kulitaja. Mwanangu analitumia, wajukuu wanalitumia. Nilipokwenda kumwandikisha mwanangu shule, mwalimu aliuliza jina la ukoo, nikamsukuma dada yangu alitaje yeye. Hata kanisani nikimwombea nasema "yule mzee, Mungu unamjua".

Aliitwa Halinga.

Nimeliandika. Kulitamka, bado.

Uwanja ni wenu, wakuu. Wenye hukumu zenu za matunzo na za lawyer ziwekeni hapa tuzione, na wale wa "mababu zetu hawakuwa hivi", njooni nianze na ninyi.